Kwa Mchezaji Anayeanza Ukocha: Mafunzo Kutoka Katika Maisha ya Carlo Ancelotti

Wachezaji wengi hutundika daluga wakiamini kwamba ukocha ni mwendelezo wa kazi waliyokuwa wakiifanya, na kwamba mtu aliyecheza miaka mingi katika ligi kubwa hana haja ya kufundishwa namna ya kufundisha. Nimefanya kazi katika mabenchi ya ufundi kwa muda wa kutosha, mara nyingi nikiwa msaidizi wa watu wa aina hiyo, na ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona yakiwainua baadhi yao na kuwaangusha wengine. Mfano nitakaoutumia ni wa Carlo Ancelotti, kiungo wa zamani wa Italia aliyegeuka kocha, kwa sababu maisha yake yanajulikana vizuri na kwa sababu watu humsifu kwa utulivu wake bila kuchunguza jinsi alivyojifunza kazi yenyewe. Ninachotaka ukielewe tangu mwanzo ni kwamba ujuzi wa mchezaji hukaa mwilini mwake. Anajua lini ageuke na lini atoe pasi, lakini hajui kwa nini anajua, na mpaka atakapoweza kuugeuza ujuzi huo kuwa maneno na mazoezi ambayo mtu mwingine anaweza kuyafuata, hana cha kumpa mchezaji aliye mbele yake isipokuwa sifa za zamani.

Ancelotti alizaliwa tarehe 10 Juni 1959 huko Reggiolo, kaskazini mwa Italia, katika familia ya wakulima. Alianzia Parma ilipokuwa Serie C, daraja la tatu la Italia, akiwa chini ya kocha Cesare Maldini, na mwaka 1979 alifunga mabao mawili katika mechi ya mchujo iliyoipandisha timu hiyo hadi Serie B. Mwaka huohuo alihamia Roma, ambako kocha alikuwa Nils Liedholm kutoka Sweden, mtu aliyeifundisha timu kukaba eneo wakati ambapo timu nyingi za Italia bado zilikuwa zikikaba mtu kwa mtu. Roma ilitwaa ubingwa wa Italia mwaka 1983. Kati ya mafanikio hayo, hata hivyo, kulikuwa na majeraha mawili makubwa ya magoti: la mwaka 1981 lilimnyima nafasi katika Kombe la Dunia la 1982, na la mwishoni mwa mwaka 1983 likamfanya akose fainali ya 1984 ya Kombe la Ulaya, mashindano ambayo sasa huitwa Ligi ya Mabingwa, ambayo Roma iliipoteza katika uwanja wake wa nyumbani mbele ya Liverpool.

Ninayataja majeraha hayo kwa makusudi. Kiungo ambaye magoti yake yameumia kiasi hicho hawezi tena kuitegemea mbio yake. Analazimika kufika mahali mapema kwa kusoma mchezo, na kusoma mchezo ndiko kunakobaki miguu inapokwisha. Katika uzoefu wangu, wachezaji waliokuwa na kasi au kipaji kisicho cha kawaida huwa na mwanzo mgumu zaidi katika ukocha kuliko wale waliolazimika kufikiri ili waendelee kupata namba. Kama bado unacheza na unawaza kuhusu ukocha, usisubiri kustaafu ndipo uanze. Nunua daftari. Kila baada ya mazoezi andika zoezi lilikuwa lipi, eneo lilikuwa na ukubwa gani, wachezaji walikuwa wangapi kila upande, lilidumu dakika ngapi, na kocha alisema nini alipolisimamisha. Hilo la mwisho ndilo la thamani zaidi, kwa kuwa mazoezi yenyewe yanapatikana kila mahali siku hizi, lakini maneno ambayo kocha mzuri huyachagua wakati wa kusimamisha zoezi hayapatikani popote isipokuwa uwanjani, na husahaulika kabla hujamaliza kuoga.

Mwaka 1987 Ancelotti alihamia Milan, ambako Arrigo Sacchi alimtaka licha ya mashaka yaliyokuwapo kuhusu magoti yake. Sacchi hakuwahi kucheza soka la kulipwa. Kabla ya ukocha alifanya kazi katika biashara ya viatu ya baba yake. Mtu huyo asiye na jina la uchezaji ndiye aliyewafundisha akina Franco Baresi, Ruud Gullit na Marco van Basten kusogea kama kundi moja, huku umbali kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji ukitakiwa uwe takriban mita 25. Aliwafanyisha mazoezi bila timu pinzani, wachezaji wakihamahama kulingana na mahali alipowaambia kwamba mpira upo. Milan hiyo ilitwaa Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990, na katika marudiano ya nusu fainali ya mwaka 1989 dhidi ya Real Madrid, iliyokwisha kwa mabao 5-0, bao la kwanza lilikuwa la Ancelotti kwa shuti la mbali. Mchezaji mstaafu anayewadharau makocha ambao hawakucheza angepaswa kulikumbuka jambo hili kila anapofungua mdomo. Sacchi alikuwa na kile ambacho wengi wetu hatuna tunapoanza: alikuwa ameshalazimika kueleza kila kitu kwa maneno, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kukionyesha.

Ancelotti alistaafu mwaka 1992, akiwa mchezaji aliyeitumikia timu ya taifa ya Italia mara 26. Hakuomba timu kubwa. Alikwenda kuwa msaidizi wa Sacchi katika timu ya taifa na kukaa naye hadi mwaka 1995, akiwa katika benchi hilo wakati Italia ilipopoteza fainali ya Kombe la Dunia ya 1994 mbele ya Brazil kwa mikwaju ya penalti huko Pasadena. Fikiria maana ya hatua hiyo kwa mtu aliyekuwa na makombe mawili ya Ulaya: kupanga koni, kuandika taarifa za wapinzani, kusimamia kikundi kidogo cha wachezaji huku mwenye kauli ya mwisho akiwa mwingine.

Usaidizi una mambo ambayo kozi haiwezi kukufundisha. Unaona kocha mkuu akiamua kumwacha mchezaji, kisha unaona jinsi mchezaji huyo anavyokuja kwako, msaidizi, kutafuta huruma, na hapo unajifunza kusikiliza bila kumsaliti aliyekuajiri. Unaona mpango ambao ulionekana mzuri ubaoni ukishindikana uwanjani kwa sababu wachezaji walipewa mambo sita ya kukumbuka badala ya mawili. Unajifunza kwamba kocha hutumia muda mwingi wa wiki akizungumza na daktari, mtunza viwanja, msemaji wa klabu na wazazi wa wachezaji vijana, na kwamba saa za kufundisha zenyewe ni chache kuliko ulivyodhani. Nawashauri wote wanaoniuliza wakae katika usaidizi kwa misimu miwili au mitatu angalau, tena chini ya kocha ambaye hawakubaliani naye katika kila jambo, kwa kuwa anayefikiri kama wewe hatakulazimisha kueleza kwa nini unafikiri hivyo.

Kuna jambo dogo la vitendo linalowasumbua wachezaji wastaafu kuliko wanavyokiri, nalo ni tamaa ya kuingia zoezini na kuonyesha. Miguu bado ipo, mpira upo karibu, na vijana wanakutazama kwa heshima. Fanya hivyo mara moja moja tu. Kijana anapokuona ukipiga pasi ya mita 40 anachojifunza ni kwamba wewe uliweza. Hajui uliangalia nini kabla mpira haujakufikia, bega lako lilielekea wapi, wala kwa nini ulichagua upande ule. Ni bora usimame, umuulize alikuwa ameona nini, kisha umwambie neno moja la kufanyia kazi hadi mwisho wa zoezi.

Kuhusu leseni sina mengi. Fanya kozi mapema, daraja baada ya daraja, na usitegemee jina lako likufungulie mlango. Zinedine Zidane, pamoja na ukubwa wake wote, alijikuta katika mgogoro mwaka 2014 alipopewa kikosi cha pili cha Real Madrid bila kuwa na leseni iliyotakiwa. Ancelotti alipitia Coverciano, kituo cha chama cha soka cha Italia mjini Florence, ambako kila anayemaliza kozi ya juu huandika tasnifu. Yake ya mwaka 1997 ilihusu mustakabali wa soka na haja ya kasi zaidi ya mwendo. Zoezi la kuandika kurasa nyingi kuhusu jambo unalodhani unalijua ni zuri sana, hata kama hakuna atakayezisoma.

Timu yake ya kwanza ilikuwa Reggiana, msimu wa 1995-96, katika Serie B. Mwanzo ulikuwa mbaya, lakini msimu ulimalizika kwa timu kupanda Serie A. Daraja la chini lina faida moja kubwa, kwamba unapokosea, wanaoona ni wachache na muda wa kurekebisha upo. Linganisha na Andrea Pirlo, kiungo mashuhuri wa Italia, ambaye nitamrudia hapa chini. Mwaka 2020 Juventus ilimpa kikosi chake cha vijana wa chini ya miaka 23, na siku chache baadaye, kabla hajasimamia hata mechi moja, ikampandisha kuwa kocha wa timu ya kwanza. Alitwaa Kombe la Italia na Kombe la Super, akamaliza nafasi ya nne katika ligi ambayo klabu hiyo ilikuwa imeitawala kwa misimu tisa mfululizo, na baada ya msimu mmoja akaondolewa. Sioni kwamba Pirlo hakuwa na akili ya ukocha. Tatizo ni kwamba aliwekwa mahali ambapo makosa ya kawaida ya mwaka wa kwanza huwa habari ya kitaifa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha maisha ya Ancelotti, nalo linahitaji kuelezwa polepole.

Mwaka 1996 alikwenda Parma, na alikwenda akiwa mwanafunzi wa Sacchi kwa kila hali. Mfumo ulikuwa 4-4-2, yaani mabeki wanne, viungo wanne na washambuliaji wawili, na mchezaji alitakiwa kuingia ndani yake au kutafuta timu nyingine. Gianfranco Zola, aliyezoea kucheza nyuma ya mshambuliaji, alisogezwa pembeni, na mnamo Novemba mwaka huohuo akaondoka kwenda Chelsea. Kiangazi cha mwaka 1997 Roberto Baggio alikuwa karibu kujiunga na Parma, lakini alitaka kucheza nyuma ya washambuliaji, na Ancelotti akakataa kwa sababu nafasi hiyo haikuwapo katika mfumo wake. Baggio akaenda Bologna na kufunga mabao 22 ya ligi msimu uliofuata. Ancelotti mwenyewe amekiri baadaye kwamba lilikuwa kosa.

Ukitazama matokeo peke yake hutaliona kosa hilo, kwani Parma ilikuwa imemaliza nafasi ya pili mwaka 1997, pointi mbili nyuma ya Juventus. Na hapo ndipo ugumu wake ulipo. Kocha mpya ambaye mfumo wake unampa matokeo hana sababu ya kuutilia shaka, na anayemtilia shaka huonekana adui. Nimewaona wengi wakikaa katika hali hiyo: wamerithi imani ya kocha aliyewafundisha, wanailinda kama mali ya familia, na kila mchezaji asiyefaa ndani yake anaitwa mvivu au mkaidi. Mara nyingi ukaidi unaoonekana kwa mchezaji ni dalili kwamba kocha hajui la kufanya na kipaji asichokizoea. Si vibaya kuanza na mfumo mmoja unaoujua vizuri. Kwa kweli nakushauri uanze hivyo, maana timu inayofundishwa mambo matano nusunusu haifundishwi lolote. Kinachotakiwa ni kujua kwamba umeuazima, na kwamba siku moja atakuja mchezaji atakayekudai uubadilishe.

Kwa Ancelotti mchezaji huyo alikuwa Zidane. Alipochukua Juventus mnamo Februari 1999 alimkuta kiungo ambaye kumpeleka pembeni kungekuwa upuuzi, na kwa mara ya kwanza alipanga timu kwa kuanzia na mtu badala ya kuanzia na mchoro. Alimaliza wa pili mara mbili. Mwaka 2000 ubingwa ulimponyoka siku ya mwisho, katika uwanja wa Perugia uliojaa maji ya mvua, na Lazio ikautwaa kwa tofauti ya pointi moja. Mwaka 2001 akaondolewa, lakini aliondoka akiwa kocha tofauti na yule wa Parma.

Tofauti hiyo ilionekana Milan, alikoanza kazi mnamo Novemba 2001. Kikosini alikuwa na wachezaji wengi waliopenda kucheza namba kumi, nyuma ya washambuliaji, akiwemo Pirlo, ambaye hakuwa akipata nafasi. Pirlo alikuwa ameshacheza chini, mbele ya mabeki, akiwa Brescia kwa kocha Carlo Mazzone, na alimwomba Ancelotti amjaribu hapo. Yule aliyemkatalia Baggio sasa alikubali pendekezo la mchezaji kijana, akamweka mtu mwembamba asiye mkabaji katika namba sita, nafasi iliyokuwa ya wapambanaji, kisha akampa Gennaro Gattuso wa kumlinda. Milan ilitwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2003 kwa kuifunga Juventus kwa penalti huko Manchester, huku nahodha akiwa Paolo Maldini, mtoto wa kocha wake wa Parma. Ilitwaa ubingwa wa Italia mwaka 2004, na Ligi ya Mabingwa tena mwaka 2007. Kila unapoambiwa kwamba Ancelotti ni kocha asiye na mfumo, ujue kwamba aliwahi kuwa nao, ukamgharimu, akauacha kwa hiari yake.

Katikati ya makombe hayo kuna fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2005 huko Istanbul, Milan ilipoongoza 3-0 dhidi ya Liverpool hadi mapumziko kisha ikapoteza kwa penalti. Kwa kocha anayeanza, la kuangalia ni lililofuata: hakukivunja kikosi kile kwa hasira, na miaka miwili baadaye sehemu kubwa ya wachezaji walewale waliifunga Liverpool 2-1 huko Athens. Baada ya kipigo kikubwa, jipe siku kadhaa kabla ya kufanya uamuzi wowote unaohusu ajira ya mtu.

Utafukuzwa. Ni vizuri kulisema wazi, kwa kuwa wachezaji wastaafu hulichukulia kama aibu binafsi, ilhali ni sehemu ya kazi. Chelsea ilimwondoa Ancelotti mwaka 2011, saa chache baada ya mechi ya mwisho ya msimu, mwaka mmoja tu baada ya kutwaa ligi na Kombe la FA kwa mabao 103 ya ligi. Real Madrid ilimwondoa mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya kuipa Kombe la Ulaya la kumi. Bayern Munich ilimwondoa mnamo Septemba 2017 baada ya kufungwa 3-0 mjini Paris, na uongozi ukasema hadharani kwamba baadhi ya wachezaji wakubwa hawakuwa naye tena. Tukio la Napoli ndilo lenye mafunzo zaidi: mwishoni mwa mwaka 2019 rais wa klabu aliamuru timu ikae kambini, Ancelotti akasema hadharani kwamba hakubaliani na agizo hilo, wachezaji wakakataa kwenda, na mwezi uliofuata akafukuzwa usiku uleule alioshinda 4-0 na kuivusha timu hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mwenye klabu na wachezaji wanapogombana, kocha hana mahali pa kusimama. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, uliza nani anaamua kuhusu kambi, faini, usajili na ratiba ya mazoezi, na majibu yaandikwe.

Jenga pia benchi lenye watu wasiofanana nawe. Kwa miaka mingi msaidizi wa karibu wa Ancelotti alikuwa Paul Clement, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya viungo na ambaye hakucheza soka la kulipwa. Alikuwa naye Chelsea, Paris, Madrid na Munich. Mchezaji mstaafu huelekea kuwaajiri wachezaji wenzake wa zamani, na matokeo yake ni benchi la watu wanne wanaojua kitu kilekile na wasiojua kitu kilekile. Jifunze lugha ya wachezaji wako pia, hata kwa kuanza na maneno ya uwanjani. Mtu aliyetwaa ubingwa katika ligi kuu zote tano kubwa za Ulaya, jambo alilolikamilisha mwaka 2022 akiwa wa kwanza kufanya hivyo, hakufanya hivyo kwa kutegemea wakalimani.

Limebaki suala la mamlaka. Mchezaji anayegeuka kocha huogopa kuuliza, akidhani kwamba kuuliza kutamshusha mbele ya watu ambao jana walikuwa wenzake. Katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2022 dhidi ya Manchester City, mechi ikiwa katika muda wa nyongeza, Ancelotti alionekana akishauriana na Toni Kroos na Marcelo, waliokuwa benchi, kuhusu mabadiliko ya kufanya. Alikuwa na makombe matatu ya Ulaya kama kocha wakati huo, na aliliongeza la nne wiki chache baadaye. Ukiamua kuiga jambo hilo, na nakushauri uige, shika masharti mawili. Waulize wale ambao umewaacha nje, kwa kuwa wanaiona mechi vizuri na wanahitaji kujua kwamba bado unawahitaji. Na mabadiliko uliyoshauriwa yakishindwa, ukiwa mbele ya waandishi wa habari sema kwamba uamuzi ulikuwa wako, usimtaje mtu.